Nafasi Mbili na Nusu

Mfuko wetu mwaka huu umetosha nafasi mbili na nusu.
Nimehesabu mara tatu, nikazima kikokotoo,
nikahesabu tena kwa kalamu, kama alivyonifundisha baba:
mbili. Na nusu.

Mbili tulizitoa kabla chai haijapoa.
Jebitok wa Subukia, aliyeandika insha ya kumzika ng'ombe
hadi mwalimu wa sayansi akavua miwani;
na Kwamboka wa Lanet, anayesoma ramani
kama wengine wasomavyo nyuso.
Mkuu wa shule akapiga muhuri, wajumbe wakapiga makofi,
kisha tukabaki na ile nusu mezani,
kando ya andazi la mwisho kwenye sahani,
na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kugusa
hili wala lile.

Ndipo nikatoa karatasi ya Naliaka wa Kaptembwo.

Swali la kumi na saba nililitunga mimi:
tangi la lita elfu tano linajazwa kwa bomba moja,
chini lina tundu; litajaa baada ya saa ngapi?
Wasichana themanini na mmoja walinipa jibu.
Saa nne. Saa sita na robo. Mmoja: Jumanne.
Naliaka hakunipa jibu. Aliandika kwa penseli butu:
"Mwalimu, hukusema tundu linavujisha kwa kasi gani.
Tangi la ploti yetu linavuja, na matundu hayafanani."

Nikalirudia swali langu, neno kwa neno.
Kweli sikusema.
Miaka sita nimelitoa swali lile lile,
miaka sita nimewapa alama waliobahatisha saa tano.

Mama yake alikuja Ijumaa,
mikono ikinukia ndimu, na chini ya ndimu, matumbo.
Alitandika leso kwenye kiti kabla ya kukaa
asije akakichafua kiti cha shule.
Nikamweleza: mfuko utalipa nusu ya karo.
Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza bei.
"Hiyo nusu," akauliza, "ni ya asubuhi au ya mchana?
Maana kama ni ya asubuhi, mchana atanisaidia kuosha,
na jioni ataazima daftari
kwa hao waliolipiwa zima."

Sikucheka.
Nilifungua droo, nikajifanya natafuta faili.

Ninyi mliosoma hapa, mnaopokea barua yangu kila Disemba,
sisemi mna mikono ya birika.
Yuko mmoja wenu anayetuma mia mbili kila mwisho wa mwezi
hata baada ya kiwanda kumpunguza kazini;
risiti zake nazikata kwa heshima, moja moja.
Yuko na mwingine aliyeahidi kwenye kipaza sauti,
siku ya michezo, tukampigia vigelegele;
ahadi yake bado iko njiani,
nadhani inatoka Mau Summit kwa miguu.
Sitaji majina. Kila mtu analijua lake.

Naliaka ameshaanza.
Yuko humu kwa nusu yake:
amekalia kiti kizima,
anakula sahani nzima na kuirudia,
anauliza maswali mazima, mengine hadi kengele inalia
na mwalimu wa historia anatoka akijikuna kichwa.
Nusu ya pili, kwenye daftari la hesabu,
safu ya "Imelipwa na", nimeweka jina kwa penseli.
Msiniulize la nani. Mshahara wangu mnaujua.

Jana saa kumi nilimkuta nyuma ya jikoni,
amechuchumaa chini ya tangi la shule,
mkononi kikombe cha bati
na saa aliyoazima kwa mpishi.
Maji yalikuwa yakidondoka, kama yadondokavyo
tangu nije hapa, na hakuna aliyewahi kuyapima.

Hakusimama kunisalimu.
"Dakika tatu, kikombe kimoja," akasema.
"Mwalimu, sasa swali lako linawezekana."